Aliyecheka Kabla ya Wenzake

Siku ya Jumapili, tarehe 17 Novemba 2013, Fachtna Jeremiah Horgan, mchekeshaji wa jukwaani, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Shandon katika mji wa Cork, alikuwa ameketi jikoni kwake akisikiliza sauti yake mwenyewe. Ndiyo desturi ya watu wa kazi hiyo. Usiku hurekodi maonyesho yao kwa simu, na asubuhi huyasikiliza upya, eti wapate kujirekebisha. Ukweli ni kwamba hutaka kuvionja tena vicheko vya jana, kama mtu anayelamba sahani baada ya wageni kuondoka.

Mkewe, Gobnait, alikuwa akikaanga soseji. Alikuwa mshona mapazia, mwanamke wa maneno machache, na vichekesho vya mumewe alivijua pumzi kwa pumzi, kwa kuwa alikuwa amevisikia kwa muda wa miaka ishirini na minne bila kuombwa ruhusa. Simu ilikuwa ikisema, kwa sauti ya Fachtna: “Mama alimwambia padri, Baba, mwanangu siku hizi anafanya kazi ya kuchekesha watu. Padri akamtazama, akasema: tangu lini?”

Gobnait aligeuka na mwiko mkononi.

“Rudisha nyuma kidogo.”

“Nini tena?”

“Hapo pa padri. Rudisha.”

Fachtna akarudisha. Padri akamtazama, akasema. Na hapo hapo, kabla ya “tangu lini” kutamkwa, mtu mmoja alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu cha mikato mitatu, kama mtu anayejaribu kuutoa mwiba wa samaki kooni. Ukumbi mzima ulimfuata baadaye.

“Huyo nani?”

“Mlevi mmoja tu.”

“Mlevi huchelewa kucheka, Fachtna. Huyu amewahi.”

Fachtna aliizima simu, na uso wake ukawa na rangi ya unga wa ngano. Kisha akaiwasha tena, akamfungulia rekodi za Waterford, za Tralee na za Sligo, miji iliyo mbalimbali kabisa. Katika kila moja, kabla ya neno la mwisho, palikuwa na mikato ile mitatu.

Chanzo chake ni upumbavu, na hakuna sababu ya kuupamba. Jumamosi, tarehe 26 Oktoba, Fachtna alikuwa amealikwa kuchekesha katika hoteli moja ya pwani ya Clare. Siku hiyo upepo uling'oa mabati, wala hakuja mtu hata mmoja. Mwenye akili angekunywa chai akarudi kwake. Lakini alikuwa pamoja na Ruairí Twomey, mshereheshaji wake, mwenye klabu ya vichekesho iliyo juu ya baa moja kando ya mto, bwana ambaye alionyeshwa kwenye televisheni mara mbili mwaka 2004 na hajamruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Twomey alimwambia: “Vichekeshe viti, bwana. Vina adabu kuliko watu wa Limerick.” Na Fachtna, ambaye hakuweza kukipita kipaza sauti kama wengine wasivyoweza kuipita chupa, alipanda jukwaani akavichekesha viti tangu mwanzo hadi mwisho.

Kutoka safu ya nyuma, penye giza, kiti kimoja kilicheka.

Mtu mwingine angekimbia. Fachtna aliinama kwa heshima, akasema maneno ambayo watu wa jukwaani husema bila kufikiri, kama muuza duka anavyomuaga mteja: “Asante sana, bwana. Umekuwa mtu mzuri. Karibu tena.”

Watu wa Cork hawakubaliani juu ya jina la viumbe wa namna hii, na wengi wao huona haya kuwataja. Hapa ataitwa jini, maana ndivyo alivyokuwa.

Akakaribia. Mwezi Desemba nyumba ilianza kunuka koti la sufu lililoloa mvua, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa. Ilitoka katika kabati la shuka, juu ya ngazi. Gobnait alifua kila kilichokuwamo, akasugua mbao kwa siki, na harufu ikabaki. Vichekesho havikuwa tena sharti la jini kucheka. Fachtna akisema “mgongo unaniuma,” kabati hucheka kabla hajafika kwenye kuuma. Akisema “sijalala,” hucheka kwenye sija. Ikawa mtu yule, aliyelipwa kwa kusema, akiwa kwake hasemi kitu, na pindi usingizi ulipomzidi alichukua mto wake akaenda kujilaza juu ya vigae vya bafuni, kwa sababu bafuni hamkuwa na kabati, na mkewe alikaa kando yake amemshika miguu.

Alhamisi, tarehe 9 Januari 2014, Gobnait ndiye aliyeendesha gari hadi klabu ya Twomey, maana macho ya mumewe hayakuweza tena kuifuata barabara. Wachekeshaji walikuwa wamekaa katika stoo ya makreti ya bia wakingoja zamu zao: Twomey, binti mmoja aitwaye Nessa Buckley, na wanaume wengine wawili. Ieleweke kwamba watu hawa hawachekani vichekesho vyao. Mmoja akisema jambo la kuchekesha sana, wenzake hutikisa kichwa na kusema “hiyo inachekesha,” kwa uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Kucheka huku nyuma ya jukwaa ni ushamba.

“Jamani, mimi siko sawa,” Fachtna alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Kuna mtu nyumbani kwangu ananicheka. Silali. Jana nilikaa ndani ya gari nje ya mlango wangu mwenyewe, naogopa kuingia. Naona kabisa nitakufa.”

Wote wakamtazama. Twomey alitikisa kichwa taratibu.

“Hiyo inachekesha. Ila ‘nitakufa’ umeiwahisha. Weka pumzi hapo kabla.”

“Mimi ningeanza na gari,” alisema Nessa. “Gari mtu analiona.”

“Sijaribu kichekesho, Ruairí! Nawaambieni ninyi, nawaambia!”

“Na hiyo hasira iache hivyo hivyo. Usiipunguze hata kidogo.”

Hapo mtu akacheka. Kicheko kilitoka nyuma yao, kwenye misumari ya kutundikia makoti, kikavu, mikato mitatu. Wachekeshaji wakatazamana kwa kuchukizwa, kila mmoja akidhani mwenzake ameivunja desturi.

“Nani huyo?” aliuliza Twomey. “Tusianze utoto hapa.”

Gobnait peke yake ndiye aliyetazama makoti. Yalikuwa yametundikwa kwa safu, yametulia, isipokuwa moja la sufu nyeusi, refu, ambalo mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

“Mume wangu anawaambia anaumwa,” alisema. “Hamjamsikia?”

“Shemeji, sisi sote tunaumwa,” Twomey alijibu, akijitazama kiooni. “Ndiyo kazi yenyewe.”

Fachtna Horgan alifariki Ijumaa, tarehe 31 Januari, akirudi peke yake kutoka onyesho la Nenagh, maana safari hiyo alikataa kuendeshwa. Alikutwa asubuhi kando ya barabara karibu na Mallow, mkanda umefungwa, injini imezimwa, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa. Daktari aliandika moyo. Gobnait aliambiwa na polisi, kama jambo dogo lisilo na maana, kwamba vioo vyote vya gari vilikuwa safi isipokuwa cha upande wa abiria, ambacho kwa ndani kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi.

Jumapili, tarehe 2 Februari, maiti ilikuwa sebuleni kama ilivyo kawaida, jeneza wazi, chai haikatiki, mikate ya nyama ya nguruwe imepangwa hadi juu ya piano. Wachekeshaji walikuja kwa mkumbo. Watu ambao hawakumpigia simu tangu Krismasi waliingia wakiwa wamevaa nyuso za msiba, na kabla chai haijapoa kila mmoja alikuwa amesimama kando ya jeneza akisimulia kisa chake na Fachtna, kisa ambamo, ukikisikiliza vizuri, Fachtna alikuwa akipita tu nyuma ya msimuliaji. Twomey alisimulia viwili. Alimpa marehemu mgongo ili aione hadhira yake.

Mtoto wa pekee wa marehemu alikuwa binti, Sorcha, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi. Tangu azaliwe hakuwahi kusimulia kichekesho, na mama yake alimshukuru Mungu kwa hilo. Siku hiyo shangazi yake alikuwa akilia kwa kwikwi, na Sorcha, kwa kumtuliza tu, alimshika bega akamwambia: “Nyamaza, shangazi. Leo ndiyo Jumapili ya kwanza baba yuko nyumbani na hajatulazimisha kumsikiliza.”

Mtu alicheka kabla ya “hajatulazimisha.” Kisha sebule nzima ikacheka.

Gobnait alikuwa ameshika birika. Hakutazama jeneza. Alimtazama binti yake, akaona uso ule uliokuwa wa kijivu kwa siku mbili ukiwaka ghafla, macho yakipekua chumba kutafuta kicheko kile kilitoka kwa nani, na mwako huo aliutambua, kwa kuwa aliuona usoni pa Fachtna mwaka 1989 katika ukumbi wa parokia ya Macroom, akadhani ni furaha, akaolewa nao.

“Damu ya baba yake hiyo!” Twomey alisema, akipenya kati ya watu. “Shemeji, tarehe 28 tunafanya usiku wa kumkumbuka marehemu. Mpe mtoto dakika kumi.”

“Hapana.”

“Mama,” Sorcha alisema, “mimi nataka.”

Kuanzia siku ile Sorcha hakulia tena. Kila machozi yalipomjia aliyageuza kuwa neno la kuchekesha kabla hayajafika, na kila alipofanya hivyo kabati la ngazini lilimjibu. Alihamishia shuka zake chumbani, akaliacha kabati tupu, na mlango wake akauacha wazi. Chakula alikigusa tu. Chuoni hakwenda. Gobnait, akiwa kwenye cherehani yake chini, alimsikia huko juu akizungumza na simu yake mchana kutwa, baba kwenye jeneza, baba kwenye gari, baba kwenye vigae, na baada ya kila baba, kicheko.

“Sorcha, mwanangu, unacheza na kitu kilichomuua baba yako.”

“Mama, yeye ananielewa.” Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. “Baba hakujua kumtumia, basi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyompeleka Gobnait, Alhamisi ya tarehe 20 Februari, hadi ng'ambo ya Ballingeary, kwa Bibi Nonie Kelleher, mwenye tiba ya hofu aliyoachiwa na mama yake. Bibi huyo huponya pia mba za ng'ombe. Sheria zake zinajulikana na kila mtu wa kule: halipwi, na haambiwi asante. Alimsikiliza mgeni wake huku akichambua viazi, na mikono yake ilinuka kuku.

“Alimshukuru?” aliuliza.

“Alimwambia asante, karibu tena.”

“Mpumbavu. Mungu amrehemu, lakini mpumbavu.” Akakitupa kiazi kilichooza. “Sikiliza, binti yangu. Yule hali nyama. Anakula maumivu yaliyotiwa sukari. Na siku zote hujificha ndani ya kicheko cha wengi, kama mwizi ndani ya msongamano. Sasa wewe mtoe peupe.”

“Nitamtoaje, bibi?”

“Simama mbele ya watu, useme yaliyotokea. Makavu. Usiyatie kitu. Watacheka, maana ndicho kilichowaleta. Wewe sema tu, mpaka wote wanyamaze na abaki yeye. Akisikika peke yake, mtoto wako hatamtaka tena. Halafu nyamazeni. Asipewe neno, asipewe shukrani.”

“Na watu wasiponyamaza?”

Bibi Nonie alichukua kiazi kingine. “Basi huyo msichana ni wake, mpaka atakapommaliza.”

Gobnait alifungua kinywa. Yule bibi aliinua kisu cha viazi.

“Usithubutu. Nenda nyumbani.”

Ijumaa, tarehe 28 Februari, klabu ya Twomey ilijaa hadi ngazini. Picha ya Fachtna ilitundikwa nyuma ya jukwaa, chini kidogo ya picha ya Twomey ya mwaka 2004. Wachekeshaji walipokezana, kila mmoja akianza kwa kusema jinsi alivyompenda marehemu na kuendelea kwa kusema habari zake mwenyewe. Sorcha alisimama kwenye ujia wa pembeni, amekonda, anachezesha vidole, na hewa iliyomzunguka ilinuka sufu iliyoloa. Twomey alipofungua kinywa kumwita, Gobnait alikuwa amekwisha kupanda.

“Shemeji!” Twomey alisema, akiutolea meno ukumbi. “Mwacheni, mwacheni! Miaka ishirini na minne anangoja zamu yake.”

Watu wakacheka. Gobnait alikishusha kipaza sauti hadi usawa wa kinywa chake, na kwa hilo pia wakacheka.

“Naitwa Gobnait Horgan. Mume wangu alikufa ndani ya gari.”

Wakacheka, walidhani ndivyo anavyochekesha, kwa uso mkavu. Mtu mmoja alipiga meza.

“Alikuwa hajalala tangu Desemba. Alikuja hapa, kwenye stoo ile, akawaambia watu wanne kwamba anaogopa kufa. Wakamwambia aweke pumzi.”

Hicho ndicho kicheko kikubwa cha usiku ule, na kilitoka nyuma, waliposimama wachekeshaji, ambao kwa mara ya kwanza waliisahau desturi yao. Gobnait hakuongeza sauti wala hakuipunguza. Alisema jinsi Fachtna alivyochukua mto wake akaenda kulala juu ya vigae, na wachache wakacheka. Alisema jinsi alivyokuwa akimshika miguu ili ajue yupo mtu, na walioketi mbele wakaacha. Alisema kwamba mume wake aliacha kusema “naumwa” nyumbani kwake mwenyewe kwa sababu kila alipoanza kulitamka neno hilo alichekwa, kwamba alianza kuonyesha kwa kidole, kichwa, kifua, kama mtoto ambaye hajajua kusema, na kwamba yeye mke wake, aliyekuwa amechoka na kazi na amechoka naye, siku moja kati ya siku hizo alikishusha kidole chake na kumwambia bwana wewe niache nishone. Na safu moja baada ya nyingine kimya kilikuwa kikirudi nyuma kama maji yanayokauka sakafuni, glasi zikiwekwa chini, viti vikiacha kulia, mpaka ukumbi wote ukawa umenyamaza, naye akaendelea kusema, na ndani ya kimya kile, kabla ya mwisho wa kila sentensi yake, mbele ya watu wote, kikavu, cha mikato mitatu, chenye njaa, mtu mmoja akawa anacheka.

Vichwa viligeuka. Karibu na bomba la kupasha joto, kwenye kiti ambacho kila mtu alidhani ni cha mtu mwingine, palikuwa na koti refu la sufu nyeusi, linavuja maji, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Gobnait aliacha kusema. Koti likacheka mara moja zaidi, polepole, kama mtu ambaye ametambua katikati ya kucheka kwamba wenzake wameacha zamani, na kutoka kwenye ujia wa pembeni ikasikika sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu siku ile ya jeneza sebuleni: Sorcha alikuwa akilia, kwa kinywa wazi, kwa makamasi, bila neno hata moja la kuchekesha. Mabega ya koti yakaanza kutulia. Yalibaki kidogo tu yatulie kabisa.

Lakini Ruairí Twomey hajawahi kuvumilia kimya. Alirukia jukwaani, akakinyakua kipaza sauti kutoka mbele ya mjane.

“Jamani, poleni! Na hapo bado hatujafika kwenye mazishi!”

Hakucheka mtu. Koti ndilo lililocheka, kabla ya “mazishi,” na uso wa Twomey ukawaka.

“Asante, bwana!” alisema, akilinyooshea kidole. “Angalau mmoja ana akili! Wewe usiende mbali!”

Gobnait alishuka, akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Bwana Twomey amekisimulia kisa hiki redioni mara kadhaa, na tarehe 31 Januari 2015 alikiandika gazetini. Anasema kwamba mjane alishindwa kuendelea, kwamba yeye ndiye aliyeuokoa usiku ule, na kwamba msichana alilia njia nzima kwa kunyimwa dakika zake kumi. Mjane hakushindwa, alikuwa amemaliza. Usiku haukuokolewa, watu walishuka ngazi wamebeba makoti yao mikononi, mvua inanyesha, na hakuna aliyethubutu kulivaa la kwake. Naye Sorcha hakulia njiani. Alilala kabla gari halijavuka mto, akabebwa na mama yake na jirani hadi kitandani, akaamka Jumapili, tarehe 2 Machi, akaomba mayai.